Siagi Kwenye Bunduki ya Mazishi

Mimi nimeaibika mara nyingi, hilo mnalijua, na nyingine mlikuwepo mkajionea, lakini ile ya kuaibika mbele ya jeneza, mbele ya pasta, mbele ya mjane na mbele ya mbwa, hiyo nilikuwa nimeificha vizuri miaka hii yote mpaka juzi Otieno, askari mwenzangu wa zamani, alipokuja kunitembelea akaanza kuniita Afande Siagi mbele ya wakwe zangu. Sasa kwa kuwa imeshatoka, afadhali niisimulie mwenyewe, maana Otieno akisimulia anaongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi hata kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya tisini. Nilikuwa AP, askari kijana wa utawala, kwenye kambi ya chifu upande wa Litein, khaki imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na nilikuwa nimepewa bunduki ya Mark Four, zile ndefu za mbao zilizobaki tangu enzi za mkoloni, ambazo lazima uvute bolti kwa mkono kila unapotaka kupiga. Risasi zake zinakaa kwenye kasanduku ka chuma kanakoitwa magazini, na ndani ya magazini mna springi inayozisukuma juu, ili bolti ikipita ikute risasi imeshafika mlangoni inangoja. Springi ikiwa nzima wewe ni askari. Ikilegea, umebeba mti.

Na yangu ilikuwa imelegea, tena niliilegeza mimi mwenyewe kwa upuzi. Kila siku ya soko nilikuwa naketi nje ya ofisi ya chifu, mahali ambapo wasichana wa kuchuma chai lazima wapite, halafu najaza magazini mpaka juu, nazitoa zote, najaza tena, nazitoa tena, kra-kra-kra, uso umekazwa kana kwamba vita vimefika Kapsoit (hakukuwa na vita, kulikuwa na kesi ya mbuzi). Fundi wetu wa silaha siku hizo alikuwa Koplo Maritim, mzee mfupi mwenye mikono inayonuka mafuta ya bunduki hata Jumapili, na siku moja alisimama akanitazama mpaka nikaacha.

"Kijana," akasema, "springi haichoki kwa kukaa. Inachoka kwa kupandishwa na kushushwa. Wewe unaichosha kwa sababu ya wasichana, na hata hawakuangalii."

(Kweli walikuwa hawaniangalii. Walikuwa wanamwangalia Otieno, ambaye hata bunduki hakuwa nayo siku hiyo, alikuwa anakula mahindi.)

Koplo akaketi nami akanifundisha polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwamba risasi unazipanga moja moja, ule ukingo wa nyuma wa risasi ya juu utangulie mbele ya ule wa risasi iliyo chini yake, la sivyo zinashikana na hakuna inayotoka. Kwamba magazini inapanguzwa ikauke, kisha inapakwa mafuta kidogo sana ya bunduki, na si mafuta mengine. Kwamba springi ikilegea unaomba nyingine, huivuti kwa mikono, maana ukiivuta inakudanganya siku mbili tatu halafu inakuwa mbaya kuliko mwanzo. "Na ikikataa kabisa mbele ya watu," akasema, "usigombane nayo. Weka risasi moja ndani kwa kidole, funga bolti, piga. Halafu weka ingine." Mimi nikasema ndiyo Koplo, ndiyo Koplo, na wiki iliyofuata springi ilipolegea zaidi nikaivuta kwa mikono kama springi ya kitanda, ikarefuka, nikajiona fundi kuliko fundi.

Baadaye Koplo akastaafu akarudi kwake, juu ya ule mlima unaopita Kabianga, akawa soja wa usiku pale wakulima wanapopimia majani ya chai, na rungu, na tochi, na mbwa wake wa rangi ya udongo anayeitwa Sajini. Yeye mwenyewe hakuwahi kupandishwa cheo mpaka anaondoka kazini, kwa hiyo alimpa mbwa jina hilo ili angalau kila jioni aweze kusema, "Sajini, kaa chini!" na Sajini akae. Sisi tulicheka sana. Lakini kule kijijini walikuwa wanamcheka yeye, na aliyeongoza kucheka ni ndugu yake mdogo, Mzee Joeli, mwenye shamba ng'ambo ya mto, aliyekuwa anawaambia watu kwamba Maritim hakuwahi kuwa askari, alikuwa mpishi wa kambi tu, na kama angekuwa askari wa kweli asingekuwa sasa analinda magunia ya majani kwa rungu. Koplo alikuwa hajali. Mkewe, Mama Chelangat, ndiye aliyekuwa anaumia.

Kwa hiyo Koplo alipofariki, Mama Chelangat alikuja kambini mwenyewe, viatu vya mpira vimelowa umande, akakataa kiti alichopewa, akamwambia Inspekta wetu akiwa amesimama:

"Mimi sikuja kuomba mchango. Naomba mzee wangu apigiwe risasi tatu akiwekwa chini. Zisikike mpaka ng'ambo kwa shemeji. Na alisema aje Kiplangat."

Kiplangat ni mimi. Otieno alinigeukia, Inspekta alinigeukia, na mimi nikavuta tumbo ndani. Nikajua moyoni kwamba mzee alikuwa ameniona, kwamba katika askari wote aliowafundisha alinichagua mimi kwa sababu mimi ndimi niliyeshika mafundisho yake. Mtu akiwa mjinga huwa hajui, ndiyo raha yake.

Siku hiyo ya mazishi wenzangu wote walikuwa na kazi kwingine, kwa hiyo nikapangiwa niende peke yangu, na nikapewa risasi baridi tatu, zile za mlio tu zisizo na kichwa. Inspekta aliniwekea mkononi moja moja. "Tatu, Kiplangat," akasema. "Si mbili. Yule mama hatarudi hapa kuomba tena."

Jioni ya kuamkia mazishi nikaketi kusafisha bunduki, nikataka mafuta, nikaambiwa mafuta ya bunduki yamekwisha mpaka yaletwe kutoka Kericho. Sasa hapa ndipo ningeweza kuinuka tu nikaombe kwa jirani, au niache magazini ikiwa kavu, ingenitosha kabisa. Lakini nilikuwa na kimkebe cha siagi ya ng'ombe, aliyonitumia mama kwa sababu baridi ya kule inapasua midomo, na kwetu, jamani, siagi ni ya kila kitu. Mtoto akizaliwa anapakwa siagi, mshipi wa ngozi ukikauka unapakwa siagi, mlango ukilia unapakwa siagi, hata bwana arusi anapakwa siagi na watu wanashangilia. Nikajiambia, springi ni nani ikatae?

Otieno alikuwa ameketi upande wa pili wa jiko, anageuza omena kwenye kikaango. Akaniona natia vidole kwenye kimkebe nikaanza kuipaka ile springi, akaacha mwiko hewani.

"Wewe," akasema, "hiyo ni bunduki ama ni chapati?"

"Nyinyi watu wa ziwa hamjui siagi," nikamjibu.

Na tatizo ni kwamba ilifanya kazi! Pale karibu na jiko, kwenye moto, siagi ilikuwa inatiririka kama maji, springi ikawa inateleza, kile kibati kinachobeba risasi kikawa kinaruka juu kama kipya, nikajaribu na kujaribu, nikamwonyesha Otieno, Otieno mwenyewe akatikisa kichwa akasema haya bwana. Nikaongeza siagi kidogo kwa furaha, nikapanga zile risasi tatu ndani, ya kwanza ikapanda mpaka mlangoni, nikalala.

Asubuhi, mnajua ile baridi ya kwetu. Ukungu umelala juu ya chai huoni hata mita chache mbele, na mimi nimepewa lifti nyuma ya pikapu iliyo wazi, bunduki nimeilaza mapajani, chuma chote kimekuwa baridi kama chura. Mtu mwenye akili angekumbuka siagi inafanya nini kwenye baridi. Mimi nilikuwa nafikiria vile nitakavyosimama.

Nilipofika, watu walikuwa wengi, wamejaa uani na wengine wamesimama katikati ya mistari ya chai. Kabla hata sijampa Mama Chelangat mkono wa pole, Sajini akatoka chini ya meza ya wazee, akaja moja kwa moja, akainusa bunduki, akainusa tena, kisha akaegemea mguu wangu akatulia. Mama mmoja akaanza kulia. "Amemjua," akasema, "amemjua rafiki ya bwana yake." Wengine wakaanza kulia pia. Nikienda kushoto Sajini anakuja kushoto, nikikaa anakaa, macho hayatoki kwenye magazini, na pasta alipofika kwenye mahubiri akatunyooshea kidole mimi na mbwa akasema, "Tazameni upendo! Hata mnyama anajua kuaga!" Mimi nikaweka mkono juu ya kichwa cha mbwa, nikainamisha uso, na kusema kweli machozi yalinitoka. Kulikuwa na wakati nilisikia kitu chenye unyevu kwenye vidole vyangu, nikadhani ni machozi yangu. Ulikuwa ulimi.

Kaburi lilikuwa pembeni mwa shamba, mahali chai inapoishia. Jeneza likateremshwa, kamba zikatolewa, na kabla ya udongo kuanza kurudishwa pasta akaniashiria. Nikatoka mbele peke yangu, nikakanyaga chini kwa kishindo, nikainua mtutu juu, nikavuta bolti, nikapiga.

Boo!

Mlio ukaenda ukagonga mlima wa pili ukarudi, ndege wote wakaruka, na nikamwona Mama Chelangat amefumba macho anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia habari aliyoingoja muda mrefu. Mzee Joeli alikuwa upande ule mwingine wa kaburi na kofia yake kichwani. Mkono wake ulianza kupanda kwenye kofia.

Nikavuta bolti tena, nikainua, nikafyatua triga.

Ka.

Nikavuta tena. Ka. Siagi ilikuwa imeganda mle ndani kama mshumaa, na ile springi niliyoivuta kama ya kitanda haikuwa na nguvu ya kusukuma chochote, kwa hiyo risasi zangu mbili zilikuwa zimelala huko chini na bolti inapita juu yake patupu. Mkono wa Mzee Joeli ukashuka kutoka kwenye kofia.

"Si nilisema?" akasema kwa ile lafudhi yake ya mlimani, hata hakupunguza sauti. "Hata punduki imekataa kutanganya. Huyu alikuwa mpishi."

Nikamwangalia Mama Chelangat. Alikuwa amefungua macho, na hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali awe na hasira. Alikuwa anaangalia chini kama mtu aliyechoka kubishana. Ningekumbuka maneno ya Koplo dakika ile tungekuwa tumemaliza, lakini mtu akiaibika hakumbuki, anapiga vitu, na mimi nikaipiga magazini kofi kama unavyoipiga redio, ikakataa, nikabonyeza kile kitufe cha kuichomoa, ikachomoka, na kwa vile ilikuwa na siagi mpaka nje, ikanitoka mkononi kama samaki, ikapinduka hewani, ikaanguka kaburini.

Ko! Juu ya jeneza.

Na kabla sijafunga mdomo, Sajini akaruka akaifuata.

Watu wote wakasogea kuchungulia. Nami nikachungulia. Sajini alikuwa amesimama juu ya jeneza la bwana yake, mkia unapiga huku na huku, ameshika magazini ya serikali kwa miguu ya mbele, anailamba kwa bidii, mpaka kwenye pembe. Pasta akafunga Biblia. Halafu bibi mmoja aliyekuwa mbele akavuta pumzi puani akasema kwa mshangao mkubwa:

"Ai! Si hiyo ni siagi?"

Ikaenda nyuma hivyo, siagi, siagi, askari amepaka bunduki siagi, kutoka mstari hadi mstari mpaka kwa wale waliosimama kwenye chai, na nikaanza kuona mabega yanatikisika, wamama wameingiza nyuso kwenye leso, wazee wanakohoa kikohozi kisicho cha homa.

"Sajini, toka!" nikapiga kelele. "Sajini! Nakuamuru!" Mbwa hakuinua hata sikio, na mstaafu mmoja wa AP aliyekuwa ameketi na wazee akasema, "Wewe konstebo, huwezi kuamuru Sajini," hapo ndipo watu wakashindwa kabisa kujizuia.

Niliwageukia vijana waliochimba kaburi, wakarudi nyuma wote pamoja. Kwetu mtu hachezi na kuingia kaburini. "Chombo ni chako, Afande," mmoja akasema, kwa heshima zote. Basi nikaiweka bunduki chini, nikashuka kwa kuteleza, khaki yangu ile ya pasi ikabeba udongo mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye soksi, nikatua kando ya jeneza.

Kule chini, ndugu zangu, hakuna kicheko. Kicheko kinabaki juu. Kulikuwa na mimi, na mbwa, na Koplo Maritim, na harufu ya udongo na siagi, na nikakumbuka vile alivyoketi nami siku ile bila haraka, akapanga risasi moja moja kwenye kiganja changu. Nikaweka mkono kwenye ubao. "Koplo, nisamehe," nikasema. "Nimekuharibia." Nililia pale, sitaficha, na hakuna aliyeniona ila Sajini, aliyekuwa na kazi zake. Tukavutana kidogo mpaka akaniachia magazini.

Waliponitoa juu nilitaka kukimbia. Nilishachagua mpaka mstari wa chai nitakaopitia. Lakini Mama Chelangat alikuwa amekuja mpaka ukingoni, amesimama mbele yangu, nikakaza shavu kungoja kofi. Akafungua kitambaa chake cha kichwani akanipa nipanguse mikono.

"Alisema ukikwama uweke kwa kidole," akaniambia polepole. "Moja. Halafu ingine."

"Nani alisema, Mama?"

"Yeye mwenyewe. Akiwa kitandani. Alisema, magazini ya Kiplangat itakataa, mkumbushe."

Nikapiga goti palepale. Nikazichokoa risasi mbili kwa ukucha kutoka kwenye ile siagi, nikazipangusa na kitambaa chake mpaka zikang'aa, nikainuka. Magazini nikaiweka mfukoni, sikutaka kuiona. Nikaweka risasi moja ndani kwa kidole, nikafunga bolti, nikainua juu.

Boo!

Nikaweka ingine kwa kidole. Sasa watu walikuwa wameacha kucheka, na safari hii walikuwa upande wangu, nilihisi, kama vile uwanjani wakati kijana wenu anakwenda kupiga penalti. Mzee Joeli alikuwa amesogea karibu sana ili aone vizuri nikishindwa.

Boo!

"Tatu!" watu wakasema kwa pamoja, hakuna aliyewaambia waseme, na mlio bado unazunguka milimani tukamtafuta Mzee Joeli tusimwone. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya chai. Alipoinuka majani yamemjaa kwenye sweta, kofia ilikuwa mkononi, na hakuirudisha kichwani mpaka kaburi likafunikwa. Mama Chelangat alikuwa ameshika mdomo. Nikadhani analia, na alikuwa analia, lakini pia alikuwa anacheka, binti zake wamemshika huku na huku nao wanacheka, wakaniambia baadaye kwamba hakuwa amecheka tangu mzee alipougua.

Wakati wa chakula nilijificha nyuma ya jiko la nje na sahani yangu, Sajini yuko miguuni, Mama Chelangat akanifuata huko. Nikaona niulize, maana ilikuwa inanichoma.

"Mama, kama alijua magazini yangu itakataa, kwa nini aliniita mimi? Kuna askari wanaojua."

Akanitilia chai kwanza.

"Hata mimi nilimuuliza," akasema. "Akaniambia, wengine watapiga vizuri, watu watakula, wataenda nyumbani, watasahau. Lakini mkimwita Kiplangat, hiyo mazishi itasimuliwa mpaka watoto wa Joeli wawe na wajukuu."

Jumatatu yake niliomba springi mpya, nikaifunga mwenyewe, na tangu siku hiyo sijawahi kucheza na magazini mbele ya msichana yeyote, wala sijawahi kupaka siagi kitu chochote ambacho hakiliwi. Kila askari kijana aliyekuja kambini nilimketisha nikampangia risasi kiganjani, moja moja, ukingo wa juu utangulie, na ikikataa tumia kidole, na kila mmoja aliniuliza nimejifunza wapi, nami nikamjibu, kwa Koplo Maritim, fundi wa silaha. Kule juu ya Kabianga hakuna anayesema tena kwamba alikuwa mpishi. Kwa hiyo Otieno akiniita Afande Siagi mbele ya wakwe, nanuna kidogo, halafu wanauliza kwa nini naitwa hivyo, na mimi naanza kusimulia.